Hondohondo Mzingani

Walisema sitafika popote. Walisema hivyo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanaosema kwamba mwaka huu mbaazi zitachelewa. Kwenye kilima chetu juu ya Matiliku hapakuwa na mtu aliyekuwa amesoma kupita madarasa ya kanisani. Mimi, mtoto wa mjane, nilijulikana kwa kazi moja tu: kukaa juu ya jukwaa la miti katikati ya shamba la mtama na kufukuza ndege kwa kombeo. Jirani yetu mmoja, mtu mwenye mizinga ya nyuki mingi kuliko yeyote upande ule, alimwambia mama yangu, "Huyu mnunulie kombeo jipya. Karatasi ataziharibu."

Leo naandika haya nikiwa nimekalia kiti changu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu ya mabati, na diploma iko ukutani juu ya kichwa changu. Sisemi hivyo kwa kujisifu tu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Nilipopata nafasi ya kwenda chuo cha ualimu Uganda, mama alizunguka akitafuta wa kunikopesha. Watu watatu walikubali. Mjomba wangu wa Migwani alitoa fahali. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu wa kaskazini mashariki aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake soko la Tulia kila msimu, alitoa nauli na blanketi, bila kuniuliza maswali mengi. Wa tatu, niamini usiniamini, alikuwa yule yule jirani wa mizinga. Alitoa mbuzi kadhaa. Alisema anakopesha ili awe na haki ya kunicheka nikirudi mikono mitupu.

Sikurudi mikono mitupu. Nilirudi na diploma, ya kwanza kilimani kwetu, na Kiingereza ambacho hata mzungu wa misheni alikuwa akinirudisha nyuma niseme tena, si kwa sababu hakuelewa, bali kwa sababu alipenda kukisikia. Lakini miaka ile ya thelathini na kitu ilikuwa migumu. Kazi niliyoahidiwa serikalini haikuwepo tena nilipofika. Nikawa nafundisha katika shule ndogo ya kanisa, na mara nyingine mshahara wangu ulikuwa debe la mahindi. Mjomba alinyamaza. Mfanyabiashara wa kaskazini alinyamaza. Jirani hakunyamaza. Alikuja kwetu mwezi wa Desemba, akasimama nje ya zizi, akamtazama ng'ombe wa maziwa wa mama yangu, ng'ombe pekee tuliyekuwa naye.

"Mvua ya Machi isinikute nikingoja," akasema. "Ikinikuta, nitamchukua huyu."

Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa akiwalisha wadogo zangu. Nilijua pia kwamba jirani akimchukua, kilima kizima kingesema kwamba karatasi imekula ng'ombe, na hakuna mtu ambaye angempeleka mtoto wake shule tena. Kwa hiyo nilikuwa na miezi ya kiangazi tu.

Basi Januari, wakati wa joto, mchungaji wetu akanieleza kwamba kuna Wazungu saba kutoka Nairobi, watu wa kutazama ndege, ambao walitaka kupelekwa kwenye korongo la milima iliyo nyuma yetu. Walitaka mtu anayejua njia, anayejua ndege, na anayejua Kiingereza. Mchungaji aliuliza kama namfahamu mtu wa namna hiyo. Nilimwambia kwamba nchini hapa yuko mmoja, na anaongea naye.

Wengine waliona ni kichekesho, kwamba watu wazima wasafiri siku nzima kuja kutazama ndege. Mimi sikushangaa. Mtu aliyefukuza ndege miaka minane anajua kwamba hakuna kiumbe aliye na akili, ujanja na uzuri kama ndege. Nilikuwa namjua kila mmoja kwa sauti kabla sijamwona. Chuoni Uganda mwalimu wa elimu ya viumbe alinipa majina yao ya Kiingereza, na niliyameza yote kama mtu mwenye njaa. Nani mwingine alikuwa na vyote viwili, jukwaa la mtama na chuo? Hakuna. Hata leo sijamwona.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Kiongozi wa wageni alikuwa bibi mzee mwenye kofia pana ya majani, mwembamba, mwenye miguu ya mbuzi wa mlimani. Namtaja kwa heshima, kwa sababu sijaona mtu wa umri ule anayepanda mawe vile. Msumbufu wao alikuwa bwana mmoja wa ndevu nyekundu, aliyekusanya ndege kwa ajili ya nyumba ya makumbusho na aliyebeba bunduki ndogo. Wengine watano walikuwa watu wapole wenye darubini shingoni. Nilikuwa na wapagazi wawili, vijana wa kwetu.

Korongo lile ukilitazama kwa mbali ni ufa tu mlimani. Ukiingia, unanyamaza. Kuta za mawe zinapanda pande zote mbili, nyekundu chini na nyeusi juu ambako maji ya mvua hutiririka. Chini kuna mchanga wa mto mkavu, na hapa na pale kidimbwi ambacho hakikauki hata Septemba. Mikuyu mikubwa imeshika mizizi kwenye mawe kama vidole. Asubuhi kuna baridi humo ndani wakati nje nchi yote inaungua. Nimefika mbali, nimeona ziwa kubwa la Uganda, lakini bado sijaona mahali panaponifanya nitembee kwa adabu kama pale.

Wageni walizoea kutembea. Walitembea, wakasimama, wakatazama, wakatembea tena, na ndege wakawa wanawakimbia mbele. Niliwaacha wafanye hivyo kwa muda, kisha nikawaambia wakae. Bwana wa ndevu alitaka kujua tangu lini mtu anaongoza safari kwa kukaa. Nilimjibu kwamba nimekaa miaka minane na ndege wote wa nchi hii walinijia, tena nikiwafukuza. Bibi alicheka, akakaa juu ya jiwe. Wengine wakamfuata. Niliwapanga mstari mmoja, jua mgongoni, kivuli mbele, mdomo umefungwa.

Hapo korongo likafunguka. Kwanza keremkerem, kijani na shaba, wakinasa nyuki hewani na kurudi tawini. Kisha fundi chuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, akaja kwenye dimbwi, akatembea kwenye maji kama mzee anayetafuta kitu alichoangusha. Kwezi wenye matumbo ya rangi ya chungwa wakaja kunywa. Niliwaonyesha wageni pimbi walioota jua kwenye ukingo wa genge, nikawaambia wasiwatazame pimbi, watazame mbingu juu yao. Hawakungoja sana. Tai weusi wawili, dume na jike, walitokea nyuma ya mlima, weusi kama makaa, na alama nyeupe mgongoni. Mmoja alipita wazi mbele ya pimbi ili wamwone na wakimbie upande wa pili. Upande wa pili alikuwapo mwenzake. Ilikuwa imekwisha kabla sijamaliza kunyoosha kidole. Bibi alishusha darubini yake, na macho yake yalikuwa na machozi. Alisema kwa Kiingereza kwamba amelingoja jambo lile maisha yake yote. Nilijibu kwamba hapa kwetu linatokea karibu kila wiki, na hiyo ilikuwa kweli.

Jua lilipopanda tulifika mahali korongo linapopinda, penye mti mkubwa wa mgunga. Juu ya mti ulitundikwa mzinga wa gogo, wa zamani, kifuniko cha upande mmoja kimevunjika. Nilisikia sauti kabla ya kuona, ile ya tok-tok-tok inayoharakisha mwishoni. Nikawakalisha tena. Akaja hondohondo dume, mweupe na mweusi, mdomo mwekundu, amebeba panzi. Akatua kwenye mzinga. Pale kifuniko kilipovunjika palikuwa pamezibwa kwa udongo mkavu, umebaki ufa mwembamba tu kama wa kupitisha kisu. Kutoka kwenye ufa ule ikatoka ncha ya mdomo mwingine, ikapokea panzi, ikarudi ndani.

Niliwaeleza kila kitu. Jike huingia kwenye shimo la mti, akajifungia kwa udongo akiwa ndani, akataga, akaangusha manyoya yake, na kwa wiki nyingi hawezi kuruka wala kutoka. Dume akifa, jike huenda akafa na watoto. Kwa hiyo dume hachoki. Huleta panzi, huleta matunda, huleta jongoo, kutwa nzima, hata joto likiwa la kupasua mawe. Lakini kujenga ndani ya mzinga wa mtu! Hilo hata mimi nilikuwa sijaliona.

Bwana wa ndevu alisimama. Alisema jumba lao la makumbusho halina kitu kama hicho, jike ndani ya mzinga wa kienyeji, na kwamba ataushusha pamoja na ndege wake, wote, kama ulivyo. Aliwaamuru wapagazi wapande mti. Wale vijana waliweka mizigo chini, wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakakunja mikono. Hakuna pesa ambayo ingewapandisha.

Ilinibidi nimweleze. Kwetu mtu anaweza kusamehewa mbuzi, anaweza kusamehewa mahindi. Mzinga hausamehewi. Zamani mwizi wa mzinga aliuawa, na mwaka ule wazee walikuwa bado hawajafurahia kwamba siku hizi hauawi. Kila mzinga una alama ya mwenyewe iliyochongwa kwa kisu, na mtu akiikuta alama hiyo porini huuzunguka mti kwa mbali. Nilipomaliza kueleza, nilitazama alama ya mzinga ule, mistari miwili na ndoano. Nilikuwa naijua vizuri. Ilikuwa pia imekatwa kwenye masikio ya wale mbuzi waliolipia karo yangu.

Kwa hiyo nilituma mpagazi mmoja akimbie kumwita mwenyewe. Nilimwambia asieleze mambo mengi, aseme tu kwamba anahitajika kwenye mzinga wake wa korongoni. Hilo lilikuwa kosa, ingawa ni kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya akiwa na haraka. Wageni niliwaacha wamekaa mstari mmoja kivulini, kimya, mikono magotini, kama nilivyowafundisha. Mpagazi aliyebaki alikuwa nyuma yao na mizigo. Mimi nilisimama mbele yao.

Jirani alikuja mapema kuliko nilivyotarajia. Alikuja na ndugu zake wawili, mpagazi wangu akiwafuata, na wao watatu walikuwa na pinde mkononi na podo za mishale mgongoni. Mtu wa kwetu akiitwa kwenye mzinga wake, anajua sababu ni moja. Alisimama nyuma ya jiwe, akatazama Wazungu saba waliokalishwa chini ya mti, wamenyamaza, hakuna anayethubutu kusogea. Kisha akanitazama mimi, nisiye na hata fimbo. Akanisogelea kwa kunyata. Tulizungumza Kikamba.

"Wote saba?" akaninong'oneza.

"Wote saba ndio nini, mzee?"

"Umewakamata wote saba. Peke yako."

Katika maisha yangu yote sijawahi kutazamwa kwa heshima kama ile, na nakiri nilikawia kidogo kumsahihisha. Ndugu mmoja alikuwa ameshazunguka nyuma ya wageni ili wasikimbie. Bibi mzee alimwona, akamtabasamia, akamwambia jambo.

"Mwizi ananisalimia," ndugu akasema, akiwa hajui afanye nini na upinde wake. "Sijawahi kuona mwizi wa namna hii."

"Huyo mwenye ndevu ndiye mkubwa wao," jirani akasema. "Anaonekana."

Nikamwambia kwamba si wezi. Ni wageni, wamekuja kutazama ndege.

"Ndege gani?"

"Aliye ndani ya mzinga wako."

"Mzinga wangu una nyuki."

"Una hondohondo, mzee."

Alitazama juu. Ilionekana wazi kwamba hakuwa ameufikia mzinga ule tangu nyuki walipohama, na mtu mwenye mizinga mingi hapendi ijulikane kwamba mingine ameisahau. Akasema pole pole kwamba alikuwa anajua. Ndugu zake wakatazama chini.

Nikamwomba akae. Alikaa mwisho wa mstari, kando ya bibi, upinde magotini. Hatukungoja sana. Dume akaja na tunda la mkuyu, akaligonga mzingani, na ule mdomo mdogo ukatoka ufani, ukalichukua. Jirani alikuwa ametembea chini ya ndege hawa tangu azaliwe, lakini nadhani alikuwa hajawahi kukaa chini kuwatazama.

"Amemfungia ndani?" akaniuliza.

"Amejifungia mwenyewe. Udongo umepigwa kwa ndani."

"Na huyu wa nje haendi kwingine?"

"Haendi. Akienda, wa ndani atakufa."

Ndugu yake akasema, "Sikia hayo, wewe mwenye nyumba tatu." Wapagazi walicheka hadi nikawanyamazisha, na jirani naye akacheka kidogo bila kugeuka.

Bwana wa ndevu aliona mambo yamelegea, akataja bei ya mzinga. Nilitafsiri. Jirani akatikisa kichwa. Bwana akapandisha bei. Kisha akanivuta kando, akaniambia kwamba nikimshawishi mzee, na mimi nitapata changu, na kile alichokitaja kilitosha kuwalipa mbuzi wa jirani na kumwacha ng'ombe wa mama yangu zizini. Wakati huo huo jirani alikuwa ameniita. Kwa mara ya kwanza hakuniita kijana.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unayeyajua mambo yao. Niushushe au nisiushushe?"

Nataka kusema hapa kwamba sikusita, na karibu ni kweli. Nilimwona dume anarudi tena, na mdomo mtupu safari hii, akaning'inia pale ufani akisema kitu kwa sauti ya chini kwa mke wake, kama mtu aliyekuja kueleza kwa nini amechelewa. Niligeuka, nikasema kwa Kikamba, kisha kwa Kiingereza, ili kila mtu asikie neno moja.

"Usiushushe. Ndege aliyeshushwa ataonekana mara moja, tena amekufa. Huyu akiachwa, watakuja watu kumtazama mwaka huu, na mwaka ujao, na mimi ndiye nitakayewaleta."

Bwana wa ndevu alisema kwamba ninajiona. Alikuwa sahihi. Lakini bibi mzee aliinuka, akavua kofia, na akamwambia kwamba safari ni yake na uamuzi ni wake, na mzinga utabaki juu. Akaniuliza watoto watatoka lini. Nikamwambia mwezi wa pili, kabla ya mvua. Akasema atarudi kuwaona, na atawaleta wenzake, na kwamba kutoka siku ile hatatembea korongo lolote la nchi hii bila mimi, kwa malipo yanayomfaa mtu mwenye diploma. Hayo ni maneno yake. Sikuyaongeza.

Nilimtafsiria jirani. Alifikiri, akaning'iniza upinde begani.

"Basi huyu ni mpangaji wangu," akasema. "Kila wakija kumtazama wanipe sukari. Mwambie hivyo."

Nikamwambia. Bibi akakubali kwa kumpa mkono, na jirani akaupokea kwa mikono yote miwili. Kisha, akiwa ameshaanza kuondoka na ndugu zake, akanigeukia.

"Ng'ombe wa mama yako akae. Huwezi kuongoza watu ukiwa na njaa. Lakini mbuzi wangu sijawasahau."

Watoto wawili walitoka mzingani mwezi wa Februari. Mama yao alivunja udongo kwanza, akawaacha wajifungie tena, akamsaidia dume kuwalisha hadi wakaruka. Bibi alikuwapo, na jirani alikuwapo na sukari yake. Kiangazi kilichofuata wageni wakawa kumi na wawili, na kilichofuata hicho nililazimika kuwakataa wengine. Nimewaongoza watu wenye vyeo vikubwa kuliko ninavyoweza kuvitaja hapa, na wote walikaa nilipowaambia wakae. Jirani alianza kutundika mizinga mitupu kwa makusudi. Kilimani kwetu, watoto waliokuwa kwenye majukwaa ya mtama walianza kuniuliza majina.

Siku niliyowalipa wote niliichagua mwenyewe. Ilikuwa siku ya soko Matiliku. Nilikuwa nimemwalika mjomba ashuke kutoka Migwani, na mfanyabiashara wa kaskazini alikuwa amepitia upande wetu na ng'ombe wake. Nilitoka nyumbani asubuhi nikiswaga mifugo yangu, fahali mbele na mbuzi nyuma, mama yangu akitembea kando yangu kwa nguo yake ya kanisani. Mjomba alimpapasa fahali mgongoni, akasema ni mkubwa kuliko yule aliyenipa. Nilimwambia ndiyo, nimemchagua. Jirani alifungua mdomo wa kila mbuzi akatazama meno, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mbele ya soko zima, akakuta mmoja ameanza kuzeeka. Nikambadilisha papo hapo kwa mbuzi wangu mwenyewe aliye bora. Akawatazama tena wote, akasema hana la kusema, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba.

Mfanyabiashara alikuwa wa mwisho. Nilimrudishia nauli yake, na blanketi jipya la sufu kwa lile la zamani. Alilikunjua, akalipima kwa mikono, akalikunja tena vizuri, akaniuliza kwa upole kama msimu ujao nitahitaji kukopa kitu kingine.

Nikamwambia hapana, lakini yeye akihitaji, anajua nyumba yangu ilipo.